Skrini ya Upande wa Kulia

Dereva wa ofisi alilitua boksi sebuleni, akafuta jasho, akaaga. Ndani mlikuwa na skrini mpya, pana kama meza ya kukunja, zawadi ya mhandisi mkuu kwa mchoraji wake wa ramani za nyumba. Mchoraji mwenyewe alilitazama lile boksi kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtambua.

"Mimi ile moja inanitosha," alisema.

Mkewe akadhani masikio yamemdanganya. Huyu ndiye mwanamume aliyelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba skrini yake ni finyu, kwamba akichora ngazi hauoni mlango, akichora mlango hauoni ngazi. Watu walimwita Rula, kazini na nyumbani, kwa kuwa hata mkate aliukata kwa mstari ulionyooka. Yeye naye alimwita mkewe Fundi, maana ndiyo kazi yake: alitunza kompyuta za chuo cha ualimu, na ya Rula pale nyumbani aliitunza kama mboni ya jicho. Alimwekea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwa mikono yake, na mtu mwingine hakuthubutu kuichokonoa.

"Inakutosha vipi? Lete hapa," Fundi alisema, akaanza kuchana boksi.

Chumba cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba. Meza ilielekea ukuta wa mbele, mlango ukiwa nyuma upande wa kulia, na kushoto palikuwa na rafu ndefu ya michoro iliyokunjwa. Skrini ya zamani ilijibanza kando ya rafu, kwa hiyo Fundi akaiweka mpya kulia, kwenye nafasi. Akachomeka waya, akawasha. Mwanzo zote mbili zikaonyesha kitu kimoja, kama mapacha waliovalishwa nguo sare. Akaingia kwenye mipangilio, akazitenganisha ili kila moja ibebe mambo yake. Lakini Linux ilidhani mgeni amekaa kushoto. Kishale kikisukumwa kwenda kulia kiligonga ukingo na kukwama, kikisukumwa kushoto kiliibukia skrini ya kulia. Fundi akacheka, akaukokota mchoro mdogo wa skrini ya pili hadi mahali pake, akaifanya hiyo mpya kuwa ndiyo kuu.

"Haya bwana, sukuma kishale uone raha."

Rula akasukuma kipanya. Kishale kikavuka kwenda skrini mpya. Akaendelea kusukuma, akasukuma tena.

"Kimeenda wapi?"

"Si hicho hapo mbele yako!"

"Ahaa," alisema, akacheka kicheko cha mtu anayelipia nauli ya mwenzake. Fundi alikiona kile kicheko na hakukipenda, ila mikono yake ilikuwa na kazi ya kufunga nyaya.

Kesho yake alipotoka chuoni aliikuta skrini mpya inawaka bure, haina kitu ila picha ya milima. Madirisha yote ya kazi yalikuwa yamesongamana kwenye ile ya zamani. Akachungulia mipangilio: ya zamani ilikuwa imerudishwa kuwa kuu.

"Nani kabadilisha?"

"Labda imejibadilisha yenyewe," Rula alijibu bila kugeuka.

"Mume wangu, Linux haijibadilishi yenyewe. Hiyo hufanya lile uliloiambia, hata kama ni la kipumbavu."

Akairudisha alivyoipanga. Siku iliyofuata mambo yakawa yaleyale. Safari hii hakuuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, na ndipo alipoona kitu ambacho hakukifikiria alipokuwa anafunga: kutoka mlangoni skrini ya kulia ilionekana yote, wazi kama dirisha la duka, lakini ile ya kushoto ilizibwa na kiti na mgongo wa Rula. Mtu anayeingia asingeona herufi hata moja.

Tangu hapo akawa anahesabu vituko. Akikohoa ukumbini, husikia vitufe vinabofywa upesi upesi; akiingia, humkuta Rula ameegemea kiti kana kwamba alikuwa anapumzika. Siku moja alinyata, akachungulia juu ya bega lake, akaona kwenye skrini ya kushoto maneno yaliyokuzwa makubwa mno, kama tangazo la barabarani. Kabla hajasoma, yakanywea, yakawa madogo kama kawaida. Na jioni moja, akiwa anaanua nguo, alimsikia mumewe dirishani akiongea na simu kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, dada. Nitakuja, nimesema nitakuja. Hapana, mke wangu hajui. Tafadhali usimpigie."

Fundi alisimama na shuka mkononi mpaka ikagusa chini ikachafuka.

Mwenye donda haachi kulipapasa. Alikwenda kwa wifi yake, dada yake Rula, msusi mwenye saluni yake mtaa wa pili, akakaa kwenye kiti cha kusukwa ingawa nywele zake hazikuwa na shida. Akamweleza.

"Wifi," msusi alisema akichambua nywele, "huyo ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja. Lakini mwanamume akikataa kitu kizuri, ujue kuna kizuri zaidi anakificha."

"Huenda ni mambo ya kazi."

"Kazi gani inaitwa dada? Usimuulize. Ukimuuliza utampa muda wa kutunga. Mkamate na ngozi mkononi."

Fundi alirudi nyumbani kichwa kikiwa nusu kimesukwa na moyo ukiwa umekwisha kukata shauri.

Siku yake ya mapumziko ilipofika, Rula akiwa bado anaoga, alikaa kwenye kompyuta, akafungua dirisha jeusi la amri. Akaiamuru mashine: kila kitakachofunguliwa kifungukie kulia, pale pa kuonekana kutoka mlangoni. Vitufe vya kuhamishia madirisha akavizima, na vile vya kukuza maandishi akavizima pia. Kisha akaaga kwamba anakwenda sokoni, akatoka na kikapu, akaubamiza mlango wa mbele, akazunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi. Aibu ilimpanda, akaimeza. Akajibanza ukumbini.

Rula alikaa. Akafungua kazi yake, nayo ikatua kulia, wazi. Haikuwa barua ya mapenzi wala picha ya mtu. Ilikuwa ramani ya nyumba ya ghorofa, ngazi na vyumba.

Akabofya vitufe vyake. Kimya. Akabofya tena. Akaanza kukitafuta kishale, akisukuma kipanya huku na huku, nacho kilikuwa palepale katikati ya skrini, kinatetemeka mbele ya uso wake. Ndipo alipofanya jambo ambalo Fundi hajalisahau. Aligeuza kichwa chote pembeni, kama kuku anayetazama punje, akaisogelea skrini kwa jicho la kushoto mpaka shavu likaigusa. Akaanza kupapasa kioo kwa kidole, mstari kwa mstari, akinong'ona, "Mlango uko wapi? Mlango, mlango..."

Kiatu kikamponyoka Fundi.

Rula akashtuka, akajiweka sawa. "Nani? Umesharudi?"

Alikuwa akitazama mlangoni moja kwa moja, na mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na bado aliuliza ni nani.

"Ni mimi," Fundi alisema. Akaenda, akachuchumaa kando ya kiti. "Funga jicho la kushoto."

"Ya nini?"

"Funga, Rula."

Akafunga. Fundi akainua vidole. "Vingapi?"

"Naona ukungu," alisema. "Naona kwamba kuna mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile kubwa. Nilidhani vumbi. Kliniki wakasema presha ya macho, wakanipa dawa, wakataka nirudi na mtu wa nyumbani. Kila nikitaka kukuambia ulimi unagoma. Yule nesi kanichosha kwa simu."

"Huyo ndiye dada?"

"Ndiye. Kwani ulidhani nani?"

Fundi alitaka kulia na alitaka kumzaba kofi, asijue lianze lipi.

"Nilipeleka ramani yenye choo kisichokuwa na mlango," Rula aliendelea. "Mhandisi alicheka, akadhani skrini ndogo ndiyo iliyonipotosha. Ndiyo maana akaleta hii. Ningemwambia nini? Mchoraji asiyeona ni nani, Fundi? Baba yangu aliishia kushikwa mkono kwenda msalani."

"Na mimi nilikufanya nini hata nikanyimwa kujua?"

"Hukunifanya kitu. Niliogopa tu."

Walikwenda kliniki pamoja wiki hiyohiyo. Daktari, mama mmoja asiye na maneno ya sukari, alimpima akasema kilichopotea jicho la kulia hakirudi. La kushoto nalo limeguswa, lakini likitunzwa kwa dawa kila siku bila kuruka, litamtumikia. Kisha akauliza kama mgonjwa ana ndugu wa tumbo moja, maana ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, nao wapimwe.

Fundi ndiye aliyepeleka habari saluni. Msusi alikuwa ameshaandaa pole ya kumpa mke aliyesalitiwa. Alipoelezwa aliweka kitana chini, akatazama mikono yake. Kesho yake alifunga saluni, akaenda kupimwa. Macho yake yalikutwa mazima, akarudi akilia kama aliyepewa habari mbaya.

Rula alimwambia mhandisi mwenyewe, ana kwa ana, hakutaka kusemewa. Mhandisi alinuna kwa kufichwa. Baadaye akampa mchoraji kijana wa kupitia kila ramani kabla haijatoka, na Rula, aliyekuwa hataki kukosolewa hata nukta, ilimbidi ajifunze kusema asante kwa meno yaliyobanwa.

Nyumbani Fundi alifuta amri zake zote za kijasusi, akaihamisha meza hadi ukuta wa pili. Skrini kubwa akaiweka kushoto, herufi nene, kishale kikubwa cha rangi ya machungwa. Ile ndogo akaisogeza karibu, ibebe vitu vya kutazamwa mara mojamoja. Rula alikaa, akasukuma kipanya, akakifuata kishale mpaka mwisho bila kukipoteza.

Amani ilirudi, ingawa si yote. Mtu akishajua kwamba alifichwa, sikio halilali tena. Kila asubuhi, kabla hajabeba mkoba wake, Fundi husimama mlangoni.

"Umetia dawa?"

"Nimetia."

"Hebu nione."

Naye Rula hugeuza uso kwenye mwanga akilalamika kwamba ameoa polisi, na mkewe huinama kulitazama lile jicho kama lina unyevu.