Vyumba Saba vya Kusiriba

Wanaume hupima nyumba kwa hatua za miguu. Sisi tunaoisiriba huipima kwa madebe ya mavi ya ng'ombe. Chumba kimoja cha sakafu ya udongo kinakula debe zima kila Jumamosi, na anayelibeba siye yule aliyepima kwa miguu.

Kwa hiyo mume wangu Wesonga alipostaafu kazi ya reli huko Malaba, mwaka wa pili baada ya Uhuru, akarudi nyumbani Bukhayo na mkokoteni wa ng'ombe uliojaa mabati, akaanza kupigilia vigingi uwanjani akisema "vyumba saba", mimi nilihesabu madebe. Ng'ombe tulikuwa naye mmoja, tena mkonde. Mabinti wetu wawili wameolewa, na kijana wetu Josiah analala bweni la shule huko Sigalame.

"Saba ya nani, Baba Josiah?"

"Ya heshima."

"Hiyo heshima italala chumba gani?"

Tukagombana siku tano. Nikamwuliza kama anajenga nyumba au stesheni, maana kama ni stesheni aanze kabisa kukata tikiti. Nikamwambia viwili vinatosha, kimoja cha kulala, kingine cha wageni na kuku. Siku ya sita alikwenda Malaba kutafuta misumari. Siku ya nane akarudi, amekubali.

"Mama Josiah, umesema kweli. Mbili inatosha. Tena tuiweke kando kule, uwanja ubaki wazi."

Wesonga huyu hakubali kwamba mvua inanyesha mpaka alowe! Lakini furaha ilinipofusha. Nilimchinjia kuku, tena yule aliyekuwa akitaga. Kuku huyo namjutia mpaka leo.

Fundi Osukuku, Mteso mmoja mpole, akaja kuchimba mashimo ya nguzo. Kati ya mabati arobaini alitenga kumi na mbili tu. Nilikuwa nampa uji aliponiuliza, "Mama, ile ingine tutaanza lini?"

"Ingine gani?"

"Ya yule Roselida wa chai, pale stesheni. Mzee alisema mabati ikibaki ni yake." Kisha akaniona uso, akainamia kikombe chake.

Kwetu wake wawili hawalali chini ya paa moja. Kila mmoja ana nyumba yake na jiko lake. Anayetaka kuongeza mke anahitaji uwanja mtupu na mabati ya ziada, na vyote viwili nilikuwa nimempa mimi kwa mdomo wangu mwenyewe, na kuku juu yake. Nilijipalia makaa.

Niliona wivu, sitadanganya. Miaka ishirini na miwili nimemngoja mtu huyu kila mwisho wa mwezi, nikilima peke yangu, nikiugua peke yangu. Sasa amestaafu, ndipo aje kugawa uzee wake mbele ya macho yangu? Nilichukua jembe, nikang'oa vigingi vyote, nikavipigilia upya kutoka ua mmoja mpaka mwingine. Wesonga akatoka chooni akashangaa.

"Nini hii?"

"Vyumba saba."

"Lakini ulisema..."

"Nilikuwa mjinga. Osukuku, mabati itatosha?"

Osukuku aliyahesabu taratibu, bila kumtazama Wesonga. "Itatosha, mama. Haibaki hata moja."

Wesonga alitazama jembe mkononi mwangu, akarudi chooni. Nadhani Roselida naye alipata habari, kwa sababu tangu siku hiyo misumari ya Malaba haikuhitajika tena.

Sasa kila Jumamosi nasiriba vyumba saba. Mgongo unaniuma, na imebidi ng'ombe apate mwenzake, yeye tu ndiye aliyeruhusiwa kuletewa mwenza. Madebe anabeba Wesonga, wala simwombi. Vyumba vitano havina mtu. Jirani akiniuliza nani analala humo, namjibu hakuna, na ndivyo ninavyotaka.