Insha ya Binti wa Msusi

Mimi si mjinga. Nilijua zamani kwamba wifi yangu, dada wa mume wangu, anammezea mate binti yangu. Yeye hakujaaliwa mtoto. Kila likizo binti yuko kwake, na sasa kaanza kuomba ahamie huko moja kwa moja. Mtoto wa darasa la sita angelitoa wapi wazo hilo kama si kulishwa maneno?

Jana nikiwa saluni, mikono imejaa mafuta, akaniletea insha niitie sahihi. Mwalimu wao aliwaagiza wachague dai moja, walithibitishe kwa mifano iliyotokea kweli. Wenzake wameandika faida za kupanda miti. Wangu kaandika: "Nyumbani kwetu mimi ni mgeni."

Mgeni! Mteja alipiga yowe, kumbe nimemvuta nywele.

"Kwa mfano," kaandika, "mdogo wangu akikohoa, mama hufunga saluni. Nikikohoa mimi, huambiwa nikae mbali na wateja. Kwa mfano, mama huwasuka mtaa mzima, lakini mimi hunisuka shangazi."

Sikumaliza. Maneno yaliyonyooka hivyo, ya mtoto yule? Thubutu! Kila mstari niliona domo la wifi. Nikamwacha mteja kichwa nusu, huyoo mpaka kwake.

Nilimkuta anaanika nguo. Hata salamu sikutoa.

"Wifi, mwanangu umemlisha nini?"

"Makubwa! Kuna nini tena?"

Nikamrushia karatasi. Akafuta mikono kwenye gauni, akasoma. Nilimkodolea macho nimkamate akitabasamu. Hakutabasamu.

"Haki ya Mungu, ndiyo kwanza naiona."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Nani mwingine angemwambia aandike haya?"

"Wewe umeisoma mpaka mwisho?"

"Ya nini? Sumu haionjwi."

Akageuza karatasi, akasoma kwa sauti: "Mwalimu alisema tutaje na upande wa pili. Mama ananipenda pia. Kwa mfano, nilipolazwa hospitali alikaa nami kutwa, akanisuka palepale kitandani, polepole, nisiumie."

Akanirudishia karatasi.

Siku ile hospitali sikukanyaga. Nilikuwa na bibi harusi na ndugu zake wote wa kusuka. Nilisema nitapita jioni, na jioni nikasema nimechoka. Aliyekaa pale kitandani alikuwa wifi.

Mifano ya kunisema yote ilikuwa kweli, nilijua hivyo tangu pale saluni, ndiyo maana nikapandisha hasira. Huu mmoja wa kunitetea mtoto hakuupata kwangu, ikabidi auchukue kwa shangazi yake.

Wifi hakunicheka. Laiti angenicheka, ningepata pa kushika.

"Kaa kwanza, wifi," akaniambia.

Nikaketi juu ya ndoo yake ya kufulia, nikalia bila haya. Nilipoweza kusema, nikamuuliza, mimi msusi wa mtaa mzima, siku ile alimsuka mtindo gani.