Fikiri Kwanza, Adelina

Klabu yetu ya mashua za matanga pale Kunduchi imejaa mabingwa wa kuzunguka karibu na ufukwe. Wakishavipita visiwa tu, midomo inawakauka. Kazi yangu ni kuwatoa huo woga ili siku moja wavuke wenyewe hadi Pemba, na subira ya kazi hiyo sikujaliwa.

Aliyenitesa kuliko wote ni Adelina. Ana duka la vifaa vya ujenzi Kibamba, ambako maji mengi kuliko yote ni ya kwenye simtanki. Wimbi likigonga mashua, mayowe. Tanga likipigapiga, mayowe. Nikamkalia kooni. "Adelina, ukiona jambo baharini usipige kelele. Nyamaza, fikiri kwanza." Miezi mizima wimbo wangu ukawa huo. Jumamosi tuliyoanza safari ya Pemba nilimsifia mbele ya wenzake, maana tulikipita kisiwa cha Mbudya hajafungua mdomo.

Visiwa vilipobaki nyuma, nilikwenda mbele kunyoosha kamba iliyojisokota. Mashua ikalala ubavu ghafla, na mie huyo, majini.

Nilipoibuka, Cyprian, fundi gereji wa Chang'ombe aliyeshika usukani, alikuwa anatazama tanga juu. Hakuniona, wala wenzake waliokuwa wameinamia kamba. Adelina aliniona. Tulitazamana macho kwa macho, mdomo wake umefumba.

"Piga kelele!" nikamwita. Maji yakanijaa mdomoni.

Jaketi la kujiokolea lilinishikilia, lakini mkondo ulinipeleka upande mmoja na mashua ikashika upande mwingine, ikienda vizuri kabisa, kama nilivyowafundisha. Ikawa naona tanga peke yake, na kila wimbi likipanda hata hilo silioni. Nilikata tamaa. Sipambi maneno: nilimuaga mama yangu, nikatamka shahada, nikaacha kupiga mikono.

Ndipo nikasikia yowe. Lile lile nililolichukia, la kupasua masikio. Likaja jingine, na jingine, hadi nikaliona tanga linageuka.

Waliponivuta ndani, Adelina alikuwa analia.

"Nisamehe, mwalimu. Nilikuwa nafikiri kwanza, kama ulivyosema. Sikutaka kukuaibisha tena."

Nilitaka kumfokea, maana kufoka ndiko ninakokuweza. Badala yake nikaishika kamba ya mlingoti.

"Mie naona tuendelee tu, mwalimu," Cyprian akasema. "Upepo si uko poa? Au unasemaje?"

Wote wakanigeukia, wakisubiri niwatie moyo kama kila siku. Nikautafuta huo moyo wa kuwatia, sikuuona.

"Turudi," nikasema.

Tulipofika klabuni walifunga mashua, wakashuka mmoja mmoja. Adelina akarudi, akanishika bega.

"Mwalimu, tumefika. Shuka."

Nilimsikia vizuri. Mkono wangu ulikuwa bado umeng'ang'ania kamba ya mlingoti, na kila nikiuambia uachie, haukubali.