Gunzi Kooni

Kwenye kundi la simu la madaktari wa mifugo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mkono Mrefu, na kama unadhani hilo ni jina la mwizi hukosei sana, maana kazi yake kubwa ilikuwa kuchomoa vitu pale ambapo wengine walishindwa kufika. Ndama aliyekaa vibaya tumboni, kamba iliyomezwa na mbuzi, kondo la nyuma lililogoma kutoka: aliingiza mkono, akafumba macho, akakitoa. Glovu hakuzipenda. Alisema zinaupofusha mkono. Wenzake walimcheka kwa hilo, lakini mnyama akiwashinda walimpigia yeye.

Kundi lenyewe lilikuwa shule yao ya pili. Asubuhi mmoja ataleta habari ya chanjo mpya, mchana mwingine ataweka utafiti kuhusu kupe wasiosikia dawa, jioni wanabishana juu ya kuhara kwa ndama mpaka mtu anatukana kidogo kisha anaomba radhi. Msimamizi alikuwa Profesa, mzee aliyewafundisha karibu wote na ambaye kustaafu hakukumpunguzia ukali hata chembe. Alikuwa na kanuni moja asiyoilegeza: ukileta kisa, lete na mwisho wake. Mnyama alipona au alikufa? Kisa kisicho na mwisho, aliwaambia, ni umbea tu.

Asubuhi moja Mkono Mrefu alipigiwa simu na wifi yake. Alikuwa dada wa mumewe, mjane aliyeishi peke yake na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kwa jinsi walivyotaniana hao wawili ungedhani wanagombana kila wiki.

"Wifi, njoo upesi. Mwanangu kakabwa."

"Mwanao yupi?"

"Huyu mwenye mkia. Acha maswali, njoo."

Alimkuta ng'ombe amesimama pembeni ya zizi, shingo ameinyoosha, mate yanamning'inia mpaka magotini. Sauti ilikuwa imekauka. Kila alipolia ilitoka kama ya mtu aliyeshangilia mpira kutwa nzima. Wifi alikuwa amekunja mikono ya gauni, mkono wake wa kulia umelowa mpaka kwenye kiwiko.

"Nimejaribu kukitoa mwenyewe, nikasema nisikusumbue," alisema. "Kaning'ata kidole huyu, hana shukrani."

Mkono Mrefu hakutazama kidole. Alishika taya, akausukuma ulimi kando, akaingiza mkono mtupu kama kawaida yake. Nyuma kabisa, mlangoni pa koo, vidole vikagusa kitu kigumu chenye vishimo. Akakizungusha, akakivuta, akakitoa nje kikichuruzika mate: gunzi la muhindi, limetafunwa nusu. Wifi alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje.

Wakamletea ng'ombe ndoo ya maji. Akatumbukiza mdomo, akahangaika, na maji yakarudi kupitia puani. Miguu ya nyuma nayo ilikuwa inayumba.

"Koo limevimba," alisema Mkono Mrefu. "Litashuka lenyewe. Na njaa hiyo, lazima ayumbe."

Ndipo wifi akamwonyesha kidole cha shahada, pale jino lilipomchuna na kuacha damu kidogo. "Na hiki niende nacho zahanati?"

"Kwa mchubuko huo? Watakucheka. Osha kwa sabuni, upake spiriti. Ni jino la ng'ombe wako, si la nyoka."

Wakacheka wote wawili. Msimulizi angeruhusiwa kuwapiga watu wake, hapa kofi lingelia. Maana kila mwanafunzi wa mifugo anafundishwa, tena Profesa aliwaimbisha darasa zima: ng'ombe anayetokwa mate na kushindwa kumeza, usimtie mkono kinywani kabla hujajiuliza habari ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hulegeza koo, na alichokuwa anatafuna mnyama hubaki hapo hapo. Gunzi halikuwa limeziba koo. Koo ndilo lililoshindwa, na gunzi likakwama. Lakini Mkono Mrefu alikuwa ametafuta kitu na kitu amekipata, na mtu aliyekwisha kupata haendelei kuuliza.

Picha ya gunzi kiganjani iliingia kwenye kundi kabla hajafika nyumbani. Pongezi zilimiminika. Jamaa mmoja waliyemwita Bwana Kuku, kwa sababu hakutibu kingine, aliandika kwamba huo si mkono tena, ni winchi. Mhariri wa jarida la chama chao akaomba kisa kiandikwe vizuri kitoke toleo lijalo, na mwenyekiti akamtaka akisimulie kwenye mkutano. Profesa peke yake hakupongeza. Aliandika: "Anakunywa maji? Nangojea mwisho." Swali lake likazama chini ya hongera za watu, na Mkono Mrefu akaliacha lizame.

Ng'ombe alikufa kabla wiki haijaisha. Wifi alilia kama aliyefiwa na mtu, na majirani wakaja kuchimba shimo. Mkono Mrefu alisimama ukingoni akaeleza kwamba chakula kilipotea njia kikaingia mapafuni. Jambo hilo hutokea kweli, na nusu ya moyo wake ililiamini. Nusu nyingine ilikuwa inakitazama kichwa cha ng'ombe. Alijua la kufanya: kichwa hukatwa, kikapelekwa maabara, ubongo ukapimwa. Kazi ya asubuhi moja. Lakini kukiomba kile kichwa mbele ya watu wale kulikuwa ni kukiri kwamba hajui kilichomuua mnyama ambaye yeye alijisifia kumponya. Akanyamaza mpaka udongo ukakifunika.

Mkutano wa chama ulifanyika ukumbini, viti vya plastiki vimepangwa, picha ya gunzi imetandazwa ukutani kubwa kuliko mlango. Alisimulia vizuri, mtu asimnyime haki yake. Alikunja mkono hewani kuonyesha alivyolizungusha, na watu wakapiga makofi. Kisha kutoka viti vya nyuma Profesa akasimama, ameegemea fimbo.

"Mwisho wake?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Mkono Mrefu, nyuso zikiwa bado na kicheko. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amesifiwa mwezi mzima.

"Alipona, Profesa."

"Maji alikunywa?"

"Ndoo nzima."

Mzee akakaa polepole. "Hongera basi, binti yangu."

Kama angesema ng'ombe amekufa, Profesa angeuliza swali la tatu, na swali hilo lingekuwa: nani mwingine aliyeingiza mkono? Siku ile bado kulikuwa na wakati. Kichaa cha mbwa hutembea polepole mwilini mwa mtu, kikipanda na mishipa ya fahamu kuelekea kichwani, na chanjo ikikitangulia mtu hapati hata mafua. Mkono Mrefu mwenyewe alikwisha kuchanjwa tangu chuoni, kama wote waliokuwamo ukumbini. Wifi hakuwa amechanjwa.

Kisha Bwana Kuku akaandika kwenye kundi, safari hii bila utani. Maabara ilikuwa imethibitisha mbwa mwenye kichaa katika eneo lake la kazi. Mbwa huyo alizurura malishoni muda mrefu kabla ya kuuawa, na hakuna aliyejua aliuma ng'ombe wangapi. Akayataja malisho yenyewe. Yalikuwa yale yale alikopelekwa ng'ombe wa wifi.

Mkono Mrefu aliusoma ujumbe huo amesimama kliniki, paka wa mtu yuko mezani. Akakaa juu ya debe la dawa. Akampigia wifi pale pale.

"Kidole chako kinaendeleaje?"

"Kidole kipi? Ah, kile! Kilipona zamani, hata alama uitafute." Wifi alikuwa na furaha, amepata mtamba wa kununua. "Uje umpime, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

Sentensi ilikuwa ndani ya kinywa chake, tayari imeundwa: acha kila kitu, nenda hospitali leo, uwaambie ng'ombe alikuwa na kichaa. Lakini nyuma yake ilisimama nyingine: nilidanganya, mbele yako na mbele ya wenzangu wote. Ya kwanza isingeweza kutoka bila kuikokota ya pili.

"Nitapita wiki hii, wifi," alisema.

Hakupita. Alijiambia mchubuko ulikuwa mdogo, sabuni ilisaidia, na pengine ng'ombe alikabwa kweli. Lakini kundi halikumpa nafasi ya kujidanganya kwa raha. Mmoja alileta habari ya ndama aliyekufa akitokwa mate. Mwingine aliuliza kama maziwa yachemshwe au yamwagwe. Profesa akaweka utafiti mrefu kuhusu wakulima waliotia mikono vinywani mwa ng'ombe wakidhani wamekabwa, akaandika chini yake: "Someni hadi mwisho." Mkono Mrefu alisoma. Kila mstari ulimtazama yeye. Mezani alikata chakula vipande vidogo akavisogeza kandokando ya sahani, mpaka mumewe akamuuliza kama anaumwa.

"Kazi tu," alijibu.

"Kazi gani hiyo inayokufanya uruke mbwa wa jirani akibweka?"

Alikuwa karibu kumwambia. Dada yake ndiye, damu yake. Akamwangalia usoni, akaona wanavyofanana na wifi kwenye nyusi, akainuka kwenda kuosha vyombo.

Mwishowe hofu ikaizidi aibu. Jumamosi aliamka amekata shauri, akapanda pikipiki yake, njia nzima akirudia maneno ili asije akayameza tena. Atasema yote. Atampeleka mwenyewe. Wifi atamtukana, ukoo mzima utamtukana, Profesa atamtoa kwenye kundi, na liwe liwalo.

Alimkuta amekaa kizingitini, hajavaa kilemba, anajikuna.

"Afadhali umekuja," wifi alisema. Hakusimama kumpokea. "Kidole hiki, wifi yangu, sijui kimeingiwa na nini. Tangu juzi kinaniwasha hapa, pale palipokuwa na kidonda. Nikikuna kinapanda mpaka kwenye kiwiko, kama sisimizi wanatembea ndani ya nyama. Na usingizi sipati, mwanga unanikera."

Alinyoosha mkono. Kidole kilikuwa safi, alama nyembamba kama uzi. Kuzunguka alama hiyo ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuliwa na kucha.

Maneno aliyoyarudia njiani yakamtoka kichwani yote. Alichobaki nacho ni ukurasa wa utafiti ule wa Profesa, ambapo mgonjwa baada ya mgonjwa alieleza jambo hilo hilo: kuwashwa pale palipokwisha kupona. Baada ya hapo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyerudi nyumbani. Chanjo haikuwa na kitu cha kukitangulia tena.

"Vaa viatu, wifi," alisema, na sauti yake hakuitambua. "Twende hospitali."

"Kwa kuwashwa?"

"Vaa viatu."

Daktari wa watu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani. Mkono Mrefu hakungoja kuulizwa. Alieleza yote kwa pumzi moja: mate, koo, kifo, kichwa kilichozikwa, mbwa wa malishoni. Maneno yalitoka mepesi sasa kwa kuwa hayakuwa na faida tena. Daktari aliweka kalamu chini taratibu. Akauchukua mkono wa wifi, akaugeuza, akautazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wifi hakuwa amefuata hata nusu ya maneno yale ya kitaalamu. Alikuwa anapepesa macho kwa sababu ya dirisha.

"Mama," daktari alimuuliza kwa upole, "siku ulipochubuka, hukufikiria kuja kwetu?"

Wifi aliinua uso, akamwelekezea kidevu Mkono Mrefu, na katika uchovu wake wote akajaa fahari.

"Nije kupanga foleni ya nini, daktari? Sisi daktari tunaye kwenye ukoo."

Daktari hakumtazama yeye. Alimtazama Mkono Mrefu, na Mkono Mrefu akatazama sakafu. Wifi akacheka peke yake, akijikuna.