Laini kwa Jina la Shemeji

Mwaka ule ushirika ulipoacha kulipa taslimu ukaanza kulipa kwa simu, mashine ya kusajili laini ilivikataa vidole vya mama. Alivisugua, akapaka mafuta, akajaribu gumba, cha shahada, cha kati, wapi! Jembe lilishafuta alama zote. Wakala, na haraka zake, akamwambia alete mtu mwenye vidole. Mama akamleta baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, na laini ikasajiliwa kwa jina lake. Hatukuona ubaya wowote. Nusu ya wajane wa kijiji walifanya vivyo hivyo, kila mmoja na shemeji yake.

Baba mdogo si mtu wa kulaza damu. Ana duka, na fedha huingia na kutoka kwenye simu yake kutwa nzima. Kampuni ya simu ikampenda: ikamkopesha, akalipa, ikamkopesha zaidi. Mama huuza mahindi mara moja kwa mwaka. Yeye kampuni haikuwa na habari naye.

Msimu huu baba mdogo alikopa akanunua pampu ya maji, kisha akachelewesha marejesho. Ushirika ulipotuma fedha za mahindi ya mama, kampuni ikazikata zote kulipia deni, maana laini zote mbili zina jina moja. Na fedha hizo ndizo zilizokuwa kodi ya shamba tunalolima. La kwetu hatuna.

Tulimfuata dukani.

"Shemeji, fedha yangu imelipa deni lako," mama alisema.

"Sikukata mimi, shemeji. Ni mitambo yao hiyo. Nitakurudishia kidogo kidogo."

"Mwenye shamba anataka kodi Ijumaa."

Baba mdogo akajikuna kichwa. "Shamba lile usihangaike nalo tena. Nimeshalilipia mimi. Pampu inataka eneo, si unajua."

Damu ilinichemka. Alilipia kwa fedha gani? Kumbe deni lilipokwisha tu, kampuni ikamfungulia mkopo mpya, mkubwa kuliko wa kwanza. Yaani jasho letu ndilo lililomsafishia jina, akalitumia kutunyang'anya shamba! Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake, mama akanikanyaga mguu.

"Vibarua umeshapata?" akamwuliza, macho chini.

"Bado. Ila wewe ni mtu wa nyumbani, siwezi kukuacha. Njoo Jumatatu, na binti yako."

"Asante, shemeji," mama akasema.

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Hakuwa anakejeli. Alikuwa anashukuru kweli.