Mkanda wa Ndani Haupigi Kelele

Mimi sina subira, na sioni aibu kusema. Mama anadai nilizaliwa nikigombana na mkunga. Basi siku ile baba alipolifunga boneti la gari la mama mdogo, paa!, akajipangusa mikono na kusema, "Injini nzima hii, nenda zako shemeji," damu ilinipanda kichwani.

"Haendi," nikasema.

Kwenye gereji yetu neno la baba ndilo la mwisho, na heshima hiyo hakuiokota barabarani. Wateja wanamwita Mzee Sikio. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Akifumbua, ameshataja ugonjwa. Akisema injini ni nzima, hakuna anayegusa spana. Ndivyo tunavyofanya kazi tangu nikiwa mdogo. Watu wanazipita gereji zenye sakafu ya vigae wanakuja kupanga foleni kwenye vumbi letu, ili tu baba aisikilize injini yao.

Shida ni kwamba lile sikio limekwisha, na sisi wote tulijua. Televisheni ya nyumbani inaunguruma mpaka majirani wanapata taarifa ya habari bila kuwasha ya kwao. Ukimwita baba kwa nyuma hageuki, inabidi umguse bega. Sauti nzito bado anazipata vizuri: nati iliyolegea, silensa iliyotoboka. Zilizomtoka ni zile nyembamba, za mbu. Lakini nani atamwambia? Thubutu! Fundi umeme wetu, tunayemwita Shoti kwa jinsi anavyoshtuka ovyo, alinikata jicho la "nyamaza wewe," kisha akainamia betri kana kwamba amedondosha sindano humo.

Na gari la mama mdogo lilikuwa linalia. Sauti nyembamba, upande wa mkanda wa taimingi, ukipiga resi inapanda nayo. Ni beringi ya tensheni, kile kigurudumu kinachoubana mkanda usilegee. Mtoto wa chekechea angeisikia.

Kwa asiyejua, nieleze haraka maana hasira bado ninayo. Huo mkanda umejificha ndani ya kava, pembeni mwa injini. Ndio unaozifanya pistoni na vali zipishane bila kugongana. Ukikatika ukiwa mwendoni, vitu vinapigana humo ndani, vali zinapinda, injini inakufa hapo hapo. Usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu, na wewe uko pale ulipo. Na mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa anakwenda kuushuka mlima ule wenye kona na malori. Ndani atampakia mama, na bibi, wakamwone mtoto wa kwanza wa kaka yangu. Familia nzima juu ya kigurudumu kimoja kilichooza.

"Haendi nani?" baba akauliza.

"Mama mdogo. Mkanda wa taimingi umepitiliza muda, na tensheni yake inalia."

"Inalia kwako. Mimi nimeisikiliza."

"Mkanda huu hausikilizwi, baba! Ule wa feni ndio unaopiga kelele ukichoka. Huu wa ndani unakatika kimya kimya. Unabadilishwa kwa kilomita au kwa miaka, chochote kitakachotangulia. Mama mdogo, uliubadilisha lini?"

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, ameshavaa viatu vya safari. "Tangu nilinunue hili gari? Kwani unabadilishwaga?"

"Umesikia!"

"Nimesikia nini?" Baba alifungua tena boneti, akalegeza kava ya juu, akaubonyeza mkanda kwa kidole. "Njoo uone. Una ufa? Umechanika? Kitu kizima unataka kukitupa kwa sababu ya kalenda? Mimi nimefungua injini mama yako hajaanza hata kukufunga nepi."

"Mgongo mzima, meno je? Meno ya mkanda yapo upande wa ndani, huyaoni mpaka uutoe."

"Unanifundisha kazi mbele za watu?"

Kulikuwa na wateja wawili kwenye foleni, na wote wawili waligundua ghafla kwamba simu zao zina mambo mengi. Nilijua ninavuka mstari. Nikavuka. Nikachomoa funguo ya gari, nikaitia mfukoni mwa ovaroli, nikachukua spana na kuanza na waya wa betri.

"Weka spana chini," baba akasema.

"Siweki."

"Nasema weka!"

"Nifukuze basi! Nifukuze leo leo, nitaondoka. Lakini nitaondoka nikiwa nimeshafungua. Humu anapanda mke wako, baba. Anapanda bibi. Mimi sitakaa hapa nakunywa chai huku najua."

"Jamani," mama mdogo akasema, "mimi nilikuja kuangaliwa oili tu."

Nilifanya kazi nimewapa mgongo wote. Nilitoa mkanda wa feni, nikatoa puli inayouzungusha, nikatoa kava ya chini, nikapatanisha alama za taimingi. Baba hakunizuia wala hakunisaidia. Alisimama tu nyuma yangu, mikono kiunoni, akihema kama mtu aliyetukanwa. Hata Shoti, ambaye kila siku ana mzaha, alikuwa amejifanya nguzo.

Nikautoa mkanda, nikauweka kwenye sinia la vifaa, kisha nikaitoa tensheni. Nikaisogeza karibu na sikio la kulia la baba, lile lililoijenga nyumba yetu, nikaizungusha kwa kidole. Ilikwaruza, halafu ikatoa mlio ule ule mwembamba.

"Haya, sikiliza. Inasemaje?"

Baba hakukiangalia kigurudumu. Alimwangalia Shoti. Aliusoma uso wake haraka, kisha wa mama mdogo, akitafuta jibu huko.

Hasira iliniishia pale pale. Niliumia, jamani. Kumbe miezi yote hii ndivyo alivyokuwa akiishi, anasoma nyuso zetu ajue injini inasema nini. Na bado akaja kazini kila asubuhi, akafumba macho mbele ya watu, asishindwe. Ukaidi wangu nimeurithi wapi kama si hapo?

Lakini sikurudi nyuma. Kumhurumia kisha nimwache aseme "nzima" kungekuwa kumwua mama kwa adabu.

Nikamshika mkono, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa naenda shule. Nikakiweka kidole chake katikati ya kigurudumu, nikakizungusha polepole. Vidole vya baba vina akili, hilo halina ubishi. Uso wake ulibadilika kabla hakijamaliza hata mzunguko mmoja.

"Ina mchanga," akasema.

Akaninyang'anya. Akakizungusha mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, akakitikisa, kikacheza. Akaokota mkanda kwenye sinia la vifaa, akaukunja kwa nje ili meno yafunguke. Kwenye mizizi ya meno kulikuwa na nyufa, jino baada ya jino, na moja lilishaanza kuachia. Akauangalia mkanda, akamwangalia mama mdogo na viatu vyake vya safari.

"Shemeji, hili gari leo halitoki," akasema.

"Halitoki kabisa?"

Hakumsikia, maana alikuwa ameshageuka na kumpa mgongo. Mimi nilikuwa nimeshainama tena kwenye injini. Nikaona maji yamechirizika chini ya pampu, nikasema huko huko nilikoinama, "Na pampu ya maji, nayo tutoe?"

Baba hakunisikia. Shoti akanyanyua mkono amguse bega, kama tunavyofanya siku zote. Baba akamwona kwa pembe ya jicho, akausukuma ule mkono.

"Acha kunipapasa," akasema. Kisha akageuka, akatukabili wote: mimi, Shoti, shemeji yake, wateja wawili na simu zao. Akanyanyua kidevu. "Mtu akiwa na neno na mimi, asimame mbele yangu, apaze sauti. Mimi sisikii. Nimesema sisikii, mmenielewa? Nani ana la zaidi?"

Nikatoka chini ya boneti, nikasimama mbele yake, uso kwa uso, machozi yananichuruzika na grisi, nikapiga kelele kwa pumzi yangu yote, "Nimesema pampu ya maji nayo inavuja! Tubadilishe?"

"Usinifokee," baba akasema. "Badilisha."