Arobaini za Nikodemo

Mwizi wa ng'ombe akikamatwa, ng'ombe huonekana. Mwizi wa mahindi huachwa na makapi mlangoni. Lakini Nikodemo alishitakiwa kwa wizi wa umeme, kitu kisicho na kwato, hakina makapi, wala hakuna aliyewahi kukiona kikipita njiani kimefungwa kamba. Katika Dodoma nzima, tangu garimoshi lilipoanza kufika mwaka uliopita, hakuna mtu aliyekuwa ametuhumiwa kwa kosa la heshima kiasi hicho.

Ushahidi ulikuwa mshale mmoja. Ukutani mwa karakana, penye ubao wa swichi, palikuwa na kipimo kilichoonyesha mkondo unaotumiwa na pampu ya maji, mashine za kukerezea na taa. Siku zote kilisimama kwenye mia na ishirini. Tangu masika yaishe, kikasimama kwenye mia na hamsini. Bwana Hollmann, fundi mkuu Mdachi, mtu mrefu mwenye masharubu yaliyokaa kama pembe za ng'ombe wa kupigana, alijumlisha mashine zote na taa zote, akapata mia na ishirini. Thelathini zilikuwa zinaliwa na mtu. Na karakana nzima ni mtu mmoja tu aliyejua kufunga nyaya, naye ni Nikodemo, aliyefundishwa hesabu na kuoga kwa maji baridi katika shule ya bweni ya misheni.

"Ijumaa mimi rudi na garimoshi," Bwana Hollmann alisema siku ya Jumatatu, akaandika karatasi ya mashtaka. "Wewe onyesha umeme wapi kwenda. Kama hapana, wewe kwenda ponda mawe ya reli."

Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akaenda zake Kilosa.

Nikodemo hakuwa ameiba hata cheche. Nyumbani kwake aliwasha kibatari kilichotoa moshi kuliko mwanga, na mkewe Priska alikuwa akimlaumu kwa hilo kila jioni. Kwa hiyo alikaa akafikiri, na fikra zake zikaangukia transfoma ya mkondo.

Hiki kilikuwa chombo cha mviringo chenye tundu katikati, mfano wa kata ambayo mama huiweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi. Waya mnene uliobeba mkondo wote wa karakana ulipita tunduni. Waya mwembamba ulizungushwa juu ya chuma chake mara arobaini, nao ndio uliopeleka mkondo mdogo kwenye mshale. Sehemu moja kati ya arobaini, basi. Mshale ukauzidisha, ukaonyesha hesabu. Kibati cha shaba kilitamka wazi: arobaini. Je, kibati kikiwa kinasema uongo? Mizunguko ikipungua, mkondo wa mshale huzidi, na mtu asiye na hatia hupelekwa kuponda mawe.

Kuipima hakuhitaji mkondo mkubwa. Mtu huutia umeme mdogo kwenye waya mwembamba, akapima volti zake. Kisha akapima volti zinazoibuka kwenye waya mwingine uliopitishwa tunduni. Akigawanya, uwiano umepatikana. Waya wa tunduni ukipita mara moja tu, volti zake ni kidogo mno hata mshale hauamki. Kwa hiyo Nikodemo aliupitisha mara kumi, ili jibu la mgawanyo alizidishe kwa kumi. Alijisifu kimoyomoyo. Kujisifu kulikuwa mapema.

Jumanne asubuhi aliifungua transfoma, akaiweka mezani, akaitia umeme kupitia taa tatu zilizofungwa mfululizo ili usizidi. Alikuwa na kipimo kimoja cha volti. Waya mwembamba: thelathini na mbili. Akakihamisha. Waya wa tunduni: nane. Akagawanya, akazidisha.

Arobaini.

"Siku za mwizi," alisema Yahaya kutoka mlangoni pa stoo, "na kibati kilishaziandika." Yahaya alikuwa mtunza stoo, mtu wa Kolo, aliyeshika funguo kumi na saba na kuzitikisa kila alipotaka kuonekana anafanya kazi.

Nikodemo akarudia. Ishirini na nne. Akarudia. Hamsini na moja. Kufikia adhuhuri alikuwa na majibu tisa, na hakuna hata mawili yaliyosalimiana. Alikaza nyaya, akazisugua kwa mchanga, akahamisha meza, akaomba dua aliyofundishwa misheni kwa ajili ya wasafiri, maana ya mafundi hakuwahi kufundishwa. Transfoma ikampa sitini.

"Kiumbe hiki kina dharau," alisema.

"Kimesoma shule moja na wewe," alijibu Yahaya.

Jumatano ilikuwa mbaya kuliko Jumanne. Alhamisi asubuhi Nikodemo aliacha kuhamisha kipimo kwa sababu ya uchovu tu. Alikiacha kwenye waya mwembamba, akakaa chini akikitazama kwa chuki. Mshale ulikuwa kwenye thelathini na mbili. Mara ukaanza kushuka wenyewe, polepole, hadi ishirini na nne, ukakaa huko. Kutoka banda la injini sauti ikaja:

"Mbukwa!"

"Mbukwa," mzee fulani njiani akaitikia salamu hiyo ya Kigogo.

"Nyumbani hawajambo? Na watoto? Na ng'ombe? Yule mwenye baka je, amezaa?"

Mazungumzo yakaisha. Mshale ukapanda hadi thelathini na mbili.

Nikodemo akainuka kama aliyekalia siafu. Injini ya mvuke iliyozungusha mtambo wa umeme ilikuwa imevunjika kifaa cha kurekebisha mwendo, na kipya kilikuwa bado Ulaya. Kwa hiyo Matonya, mwangalizi wa injini, mwanamume wa makamo mwenye ndewe za masikio zilizoning'inia, alirekebisha mvuke kwa mkono, siku nzima, akishika gurudumu dogo. Njia ya kwenda mnadani ilipita mlangoni pake. Na Matonya alilelewa vizuri. Mzee akipita, huachilia alichokishika, humwamkia kwa mikono miwili, na hamwachi mpaka amemalizia ng'ombe wake.

"Kaka Matonya," Nikodemo alisema akihema, "nakuomba. Leo usimwamkie mtu."

Matonya alimtazama kama mtu aliyeombwa avue nguo.

"Mzee apite nimkaushie macho?"

"Mwamkie kwa mdomo. Mkono ubaki kwenye gurudumu."

"Kwa mkono mmoja! Mwana wa misheni, siku nikifa nani atakuja kunizika? Gurudumu?"

Nikodemo akasimamisha ukuta wa mikeka mbele ya banda, wazee wasionekane. Wazee wakaona mikeka, wakashangaa, wakaja kuchungulia nyuma yake. Siku hiyo mshale ulishuka mara nyingi kuliko siku zote tangu reli ifike.

Ndipo akaona, katikati ya hasira, jambo ambalo mtu aliyesoma hesabu alipaswa kuliona Jumanne. Kuyumba kwa mvuke hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kupima upande mmoja mzee akiwa bado mbali, na upande wa pili mzee akiwa ameshafika. Zilitakiwa volti za pande mbili kwa pumzi moja, yaani vipimo viwili. Na kipimo cha pili kilikuwa stoo.

"Hakitoki bila cheti cha Bwana," alisema Yahaya.

"Bwana yuko Kilosa!"

"Basi na cheti kiko Kilosa."

"Nikienda kuponda mawe, Yahaya, ataletwa fundi mgeni asiyeijua mizaha yako. Utamtania nani?"

Yahaya akatikisa funguo muda mrefu. Hoja ilikuwa nzito. "Amri inasema kifaa kisitoke mikononi mwangu," alisema mwishowe. "Haikusema mikono yangu isitoke stoo."

Ijumaa saa sita garimoshi likapiga filimbi. Bwana Hollmann aliingia na vumbi lake, akamkuta mtunza stoo amekaa kwenye kigoda katikati ya karakana, amepakata kipimo cha volti kama bibi harusi. Nikodemo alikuwa ameinamia cha pili. Alikuwa amevifunga vyote viwili kwenye waya mmoja kwanza, vikasema sawa.

"Thelathini na mbili," alisoma Nikodemo kwenye waya mwembamba.

"Kumi," alisoma Yahaya kwenye waya wa tunduni.

"Gawanya, zidisha kwa mizunguko kumi ya tunduni: uwiano thelathini na mbili, Bwana. Arobaini haimo. Kipimo cha ukutani kinazidisha robo nzima, na mia na ishirini inaonekana mia na hamsini."

"Mashine yumba," alisema Bwana Hollmann. "Kipimo yumba. Wewe fanya mchezo." Mkono wake ukaenda mfukoni penye karatasi.

Wakati huo huo mzee mmoja aitwaye Sila akatokea njiani na fimbo yake. Matonya akamwona. Kisha akamwona Bwana. Akageuza shingo kumtazama Nikodemo, mikono imeng'ang'ania gurudumu, macho kama ya ndama aliyefungwa mbali na mama yake.

"Mwamkie," alisema Nikodemo.

"Mbukwa!"

Mishale miwili ikaanza kushuka pamoja, bega kwa bega.

"Ishirini na nne."

"Saba na nusu."

Bwana Hollmann aligawanya kwenye kiganja kwa penseli. Mzee Sila alikuwa na ng'ombe wengi, kwa hiyo akapata muda wa kugawanya mara tatu. Thelathini na mbili, mara zote. Akaichukua transfoma, akaukata utepe uliofunika nyaya, akahesabu kwa ukucha mizunguko ya kila tabaka: minane, minane, minane, minane. La tano halikuwepo.

Kila mtu pale alikumbuka kwamba radi iliiunguza transfoma ile wakati wa masika, na kwamba Bwana Hollmann, kwa kutomwamini mtu mwingine, aliizungushia waya mpya kwa mikono yake, mpaka kengele ya chakula ilipolia.

"Funga tabaka la tano," alisema, akageuka kwenda zake.

"Karatasi yangu, Bwana," alisema Nikodemo, mkono wazi mbele yake. Siku nne za hasira zilikuwa ndani ya mkono ule, na haukushuka.

Masharubu yalicheza. Karatasi ikatoka mfukoni. Nikodemo akaisoma yote, akampa Matonya, naye akaitia tanurini pamoja na kuni.

Kisha akakaa kuzungusha waya, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Bibi mmoja aliyejitwika mtungi akasimama mlangoni.

Nikodemo akauweka waya chini, akainuka, akamwamkia kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani. Aliporudi mezani aliufungua waya wote, akaanza tena moja.